Mkono wa baba haujafa: kiharusi na njia ambazo amri za ubongo hupita

BARUA

Kwako Daktari,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wa safu yako wa siku nyingi, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu nyumbani kwetu hatuelewani tena. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, alipatwa na kiharusi, na huu ni mwezi wa tatu. Aliamka alfajiri akashindwa kushika kikombe, mdomo ukaenda upande, na alipotaka kumwita mama yakatoka maneno yasiyoeleweka. Hospitalini walituonyesha picha ya ubongo wake wakasema kwamba bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa damu upande wa kushoto. Mkono na mguu wa kulia vilipooza vyote viwili. Mguu umeanza kumtii kidogo, anasimama akishikiliwa, lakini mkono haufanyi lolote analouagiza.

Baba mdogo, ambaye ndiye mwenye kauli katika familia, anasema kwamba mishipa ya fahamu ya mkono ule imekufa, na dawa yake ni kuikanda kwa maji ya moto na kuivuta kwa nguvu mpaka iamke. Husema neva ni kama waya, ukilegea sharti ukazwe. Kila jioni humvuta mkono mpaka baba anatokwa na machozi.

Kaka yangu naye haamini kwamba baba amepooza kweli. Siku moja baba alipiga mwayo, na mkono ule ule ambao hawezi hata kuutikisa ukainuka taratibu mpaka usawa wa kifua, kisha mwayo ulipokwisha ukashuka. Sote tulipiga kelele za furaha tukamwambia auinue tena, akajaribu mpaka jasho likamtoka asiweze. Tangu hapo kaka anasema baba anajidekeza. Anaongeza kwamba daktari alipomgonga goti la kulia, mguu uliruka kuliko wa kushoto ulio mzima, na alipomkwaruza unyayo kidole gumba cha mguu kilipanda juu. Anauliza mguu uliopooza unawezaje kuruka kuliko mzima, na mimi sina jibu.

Kuhusu kusema, baba hawezi kutamka kwamba anataka maji, lakini sala aliyoizoea tangu utotoni huisoma pamoja nasi karibu yote. Shangazi humsemesha kama mtoto mchanga, na nikiutazama uso wa baba naona anaumia.

La mwisho linanihusu mimi. Mimi ndiye ninayemwinua na kumgeuza, na siku hizi naamka usiku vidole vya mkono wangu wa kulia vimekufa ganzi: gumba, cha shahada na cha kati, na kidogo kile cha pete. Kidole cha mwisho hakina shida. Nikikung'uta mkono ganzi hupungua. Naogopa kwamba kiharusi kinaninyemelea na mimi pia. Naomba unieleze jinsi mfumo huu wa neva unavyofanya kazi, kwa namna ambayo nitaweza kuwasomea wote tukiwa tumekaa pamoja.

Binti mwenye wasiwasi


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nitaanza na jambo ambalo ningependa lisomwe la kwanza mtakapokaa: mkono wa baba yako haujafa. Misuli yake ni mizima, na neva zinazotoka shingoni kwenda vidoleni ni nzima vilevile. Kilichoharibika kimo kichwani, upande wa kushoto, mbali kabisa na mahali ambapo baba yako mdogo anakanda. Mengine yote uliyoyauliza, ukiwamo ule mwayo uliomtia kaka yako shaka, yanaeleweka mtu akishaijua njia ambayo amri hupita kutoka kwenye ubongo hadi kwenye msuli.

Mfumo wa neva una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni sehemu ya kati, yaani ubongo na uti wa mgongo. Na ninaposema uti wa mgongo hapa simaanishi pingili za mifupa unazozigusa kwa nje, bali ugwe laini wa neva unaopita ndani yake, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 45 na unene usiozidi wa kidole chako cha mwisho. Sehemu ya pili ni ya pembeni, nayo ni jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja, nyingi zikihudumia kichwa na shingo, pamoja na jozi 31 zinazochomoza kwenye uti wa mgongo na kutawanyika mwilini. Kiharusi cha baba yako ni ugonjwa wa sehemu ya kati. Ganzi yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inaelekea kuwa ya sehemu ya pembeni, na nitairudia baadaye.

Kazi yenyewe hufanywa na seli za neva, ambazo katika ubongo wa binadamu zinakadiriwa kufikia bilioni 86. Kila seli ina mwili wenye kiini, matawi mafupi yanayopokea taarifa kutoka kwa seli nyingine, na uzi mmoja mrefu uitwao aksoni ambao hupeleka taarifa mbele. Seli hizi ni ndogo mno kiasi kwamba hazionekani kwa macho, lakini aksoni zake zinaweza kuwa ndefu ajabu: ile inayotoka chini ya mgongo kwenda kwenye misuli ya unyayo hufikia karibu mita moja.

Sasa fikiria baba yako anataka kuinua mkono wa kulia. Amri hiyo hutoka kwenye ukanda wa gamba la ubongo unaoteremka kutoka utosini kuelekea sikio la kushoto. Katika ukanda huo kila sehemu ya mwili ina eneo lake: mguu uko juu, karibu na utosi na kuingia upande wa ndani, mkono unafuata chini yake, na uso uko chini zaidi. Vidole vya mkono na midomo vimepewa maeneo makubwa kuliko mgongo mzima, kwa sababu kushona au kutamka neno kunahitaji udhibiti wa kina kuliko kuinama. Mpangilio huu ndio unaoeleza kwa nini mguu wa baba yako umeanza kutii kabla ya mkono. Mshipa mkubwa wa damu ambao huzibwa mara nyingi zaidi katika kiharusi cha namna hii hulisha eneo la mkono, la uso na la usemi, ilhali eneo la mguu hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka kwa mshipa mwingine.

Kutoka kwenye ukanda huo aksoni huteremka zikiwa zimebanana pamoja, zikapita katikati ya ubongo na kuingia kwenye shina la ubongo. Zikifika kwenye medula oblongata, ambayo ni sehemu ya chini kabisa ya shina hilo, nyingi kati yake, kiasi cha asilimia 80 hadi 90, huvuka upande wa pili. Ndiyo maana picha ilionyesha dosari upande wa kushoto na mwili ukapooza upande wa kulia. Zikishavuka huendelea kushuka ndani ya uti wa mgongo mpaka sehemu ya shingo, na hapo zinakabidhi amri kwa seli ya pili, ambayo aksoni yake hutoka nje kupitia bega, ikashuka na mkono na kuishia kwenye msuli. Makabidhiano hayo hufanyika mahali panapoitwa sinapsi, ambapo seli moja humwaga kemikali kwenye mwanya mwembamba sana na seli inayofuata huipokea. Kwenye msuli wenyewe kemikali inayotumika ni asetilikolini, na ikishapokelewa msuli hujikunja.

Kwa hiyo, tukiacha matawi madogo ya njia hii, kuna seli mbili za kukumbuka: ya juu, kutoka ubongoni hadi shingoni, na ya chini, kutoka shingoni hadi kwenye msuli. Ya baba yako iliyokatika ni ya juu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta, wala hauna akiba ya maana, hivyo damu ikikatizwa kwa dakika chache seli huanza kufa. Seli ya ubongo ikishakufa, mwili hauoteshi nyingine ya kuziba pengo lake. Seli ya chini, ambayo ndiyo inayopita mkononi, haikuguswa. Ipo, inalishwa na damu, na inasubiri amri ambayo haifiki.

Baba yako mdogo hakukosea sana kufananisha neva na waya, ila mfano huo haufiki mbali. Watu walikuwa wakidhani kwamba taarifa ndani ya neva husafiri kwa kasi isiyoweza kupimwa, mpaka mwaka 1850 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipoipima kwenye neva ya chura na kukuta ni makumi machache tu ya mita kwa sekunde. Umeme wa waya huenda kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo mara mamilioni. Tofauti hiyo inatokana na kwamba neva haipitishi umeme uliotoka kwingine, bali huuzalisha upya njiani: vilango vidogo kwenye utando wa aksoni hufunguka, ioni za sodiamu, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, zikaingia, ioni za potasiamu zikatoka, na tukio hilo huamsha vilango vya mbele, na vya mbele yake tena. Aksoni nyingi zimezungukwa na tabaka la mafuta liitwalo mailini, lenye mapengo madogo madogo, na ishara hurukaruka kutoka pengo hadi pengo, jambo linaloongeza kasi. Aksoni nene zenye mailini zinaweza kufikia mita 120 kwa sekunde; zile nyembamba zisizo nayo, ambazo hubeba maumivu ya kuchoma na kuvuma, hupitisha taarifa kwa kasi ya takriban mita moja tu kwa sekunde. Ukijigonga kidole cha mguu utaliona hilo, kwani kwanza hujua kwamba umejigonga, na maumivu yenyewe hufika nyuma kidogo.

Neva, basi, ni kitu kilicho hai, na haina kulegea wala kukazwa. Ukiivuta inaumia. Na hapa ndipo ninapotaka uzito wangu wote uwekwe: kuvuta mkono ule kukome leo. Bega hushikiliwa mahali pake hasa na misuli, na misuli hiyo ikiwa imelegea kwa kukosa amri, kichwa cha mfupa wa mkono huweza kuteleza nje ya kikombe chake kidogo kidogo kila unapovutwa, na pamoja nacho zikanyooshwa zile neva za pembeni ambazo mpaka sasa ni nzima. Machozi ya baba yako si dalili ya neva kuamka. Maji ya moto nayo yana hatari yake, kwa sababu kiharusi mara nyingi hupunguza pia hisia za upande uliopooza, na mgonjwa anaweza kubabuka ngozi asijue mpaka malengelenge yameota. Kupaka mafuta na kusugua taratibu hakuna ubaya, na pengine humfariji, ila kusihesabiwe kuwa tiba.

Tuje kwa kaka yako. Swali lake la mguu unaoruka ni zuri kuliko anavyodhani, ingawa amelijibu vibaya. Daktari anapogonga chini ya goti, kano ya msuli wa paja hunyooshwa ghafla. Seli ya hisia hupeleka habari hiyo kwenye uti wa mgongo, na pale pale, bila kupitia ubongo, humkabidhi mjumbe wa chini, yaani ile seli ya chini inayokwenda kwenye msuli, na mguu ukarusha teke. Hiyo ndiyo refleksi. Kwa mtu mzima kiafya ubongo hutuma chini, muda wote, amri za kuzituliza seli hizo zisichachamae. Njia ya kutoka juu ikikatika, breki hiyo huondoka, na refleksi iliyobaki peke yake kwenye uti wa mgongo hujibu kwa nguvu kupita kiasi. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayofanya mkono uliopooza kwa kiharusi, ambao siku za kwanza huwa mlegevu, uanze kukakamaa na vidole kujikunja kadiri wiki zinavyopita.

Kidole gumba kilichopanda juu kina historia yake. Mwaka 1896 daktari Joseph Babinski, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alieleza kwamba ukikwaruza unyayo wa mtu mzima mwenye afya, kidole gumba hujikunja kwenda chini, lakini kikipanda juu ni dalili kwamba njia ya kutoka ubongoni kwenda kwenye uti wa mgongo ina hitilafu. Watoto wachanga kwa kawaida hukipandisha, nao si wagonjwa. Njia hiyo kwao bado haijakamilika kuvikwa mailini. Baba yako hakuamua kukipandisha kidole hicho na asingeweza kuamua kukishusha. Yaani kile ambacho kaka yako anakishika kama ushahidi wa kujidekeza ndicho ambacho daktari alikuwa anakitafuta ili athibitishe ugonjwa.

Na mwayo je? Jambo hilo linajulikana katika utabibu, hata kama familia nyingi hulipata bila kuambiwa mapema. Mwayo hauanzi kwenye ule ukanda wa gamba la ubongo. Hauamuliwi, hutujia tu, ukiendeshwa na sehemu za ubongo zilizo chini zaidi na za kale zaidi, hususan shina la ubongo, ambazo zina njia zake zenyewe za kufikia uti wa mgongo. Kiharusi cha baba yako kiliharibu njia ya hiari na kuziacha njia hizo nyingine. Anapopiga mwayo, msukumo hupita huko, humfikia yule mjumbe wa chini aliye mzima, na mkono ukainuka bila mwenyewe kuuagiza. Mwayo ukikwisha na msukumo umekwisha. Mlipomwambia auinue tena mlikuwa mnamtaka atumie njia ambayo imekatika, na jasho lile lililomtoka lilikuwa la mtu anayejitahidi kwa kweli. Kumshuku mgonjwa ambaye hawezi hata kujitetea kwa maneno ni jambo linalonisikitisha, na ningependa kaka yako amwendee amwambie kwamba ameelewa sasa.

Unaweza kumfanyia jaribio moja dogo lisilo na madhara. Mwambie baba atabasamu, nawe utaona huenda upande wa kulia wa mdomo ukabaki nyuma. Kisha msubiri acheke mwenyewe kwa jambo lililomfurahisha, na utazame tena. Kwa baadhi ya wagonjwa wa aina hii kicheko cha kweli huvuta pande zote mbili karibu sawa. Mtazame pia anapokunja paji la uso: kwa kawaida litakunjamana kote, kwa kuwa misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na upande wa kulia wa ubongo wake bado upo.

Habari ya usemi inafuata mantiki ileile. Kwa watu walio wengi lugha inategemea upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 Mfaransa Paul Broca alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alionekana kuelewa aliyoambiwa; alipofariki, Broca alikuta dosari sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Eneo hilo, lililo jirani kabisa na eneo la uso na mkono, hushughulikia kuyapanga na kuyatoa maneno. Kuyaelewa maneno hutegemea zaidi eneo lililo nyuma yake, ambalo daktari Carl Wernicke alilieleza mwaka 1874. Kwa maelezo yako, baba yako ameumia zaidi eneo la mbele. Anaelewa mengi, anajua anachotaka, na anakwama katika kukitoa. Sala aliyoizoea haiundwi upya neno kwa neno. Imeshakuwa mfululizo uliokaririwa, kama ulivyo wimbo au kuhesabu, na mifululizo ya namna hiyo hubaki kwa wagonjwa wengi wakati sentensi mpya imeshindikana.

Kwa hiyo mwambie shangazi, kwa heshima, kwamba anayemsemesha ni mtu mzima yule yule. Aseme naye kwa sauti ya kawaida, kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, na ampe muda wa kujibu bila kumkimbilia kumalizia. Ulizeni maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana, na wekeni karibu naye picha au vitu vya kuonyesha kwa mkono wa kushoto. Kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi mnayeweza kumfikia, mpelekeni, na mumweleze habari ya sala, maana wataalamu hao huweza kuitumia mifululizo hiyo kama mahali pa kuanzia.

Huenda mmejiuliza pia kwa nini moyo, tumbo na pumzi havikupooza. Hivyo huendeshwa na tawi la mfumo wa neva lisilosubiri hiari yetu, na pumzi ina kituo chake kwenye shina la ubongo. Tawi hilo lina pande mbili, mmoja huharakisha mapigo ya moyo na kuuweka mwili tayari kwa hatari, mwingine hutuliza na kuendesha mmeng'enyo. Moyo, hata hivyo, una mdundo wake wenyewe, na neva huurekebisha tu. Kitu cha kuangaliwa hapa ni kumeza, ambako huchanganya hiari na yasiyo ya hiari. Ikiwa baba hukohoa anapokunywa, au sauti yake hubadilika ikawa kama yenye majimaji baada ya kula, mjulisheni daktari mapema, kwa kuwa chakula kinaweza kuwa kinapitia njia ya hewa. Kila wakati alishwe akiwa ameketi wima.

Kama seli zilizokufa hazirudi, mazoezi ni ya nini? Kuzunguka eneo lililokufa kuna seli zilizo hai, na ubongo una uwezo wa kubadili miunganiko yake, sinapsi zinazotumika mara kwa mara zikaimarika na nyingine mpya zikajengeka, mpaka seli hizo zikachukua baadhi ya kazi za zile zilizopotea. Jambo hilo halitokei kwa mkono kuvutwa na mtu mwingine huku mgonjwa akilia kwa maumivu. Hutokea mgonjwa mwenyewe anapokusudia kufanya kitendo, akakijaribu, akapata msaada mdogo pale anapokwama, na akakirudia mara nyingi sana. Asisukume kitambaa mezani kwa mkono wa kushoto tu; wa kulia uwekwe juu yake na yeye ajaribu kukisukuma mbele, akiangalia mkono wake, akiamuru. Maendeleo makubwa zaidi huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ingawa hayakomi hapo, kwa hiyo hizi ndizo wiki zisizofaa kupotezwa katika kukanda. Mtaalamu wa fiziotherapia awapangie mazoezi, na baba yako mdogo, ambaye inaonekana ana nguvu na ana moyo wa kumsaidia ndugu yake, apewe kazi ya kuyasimamia kila siku na ya kusimama upande wa kulia wa mgonjwa anapojaribu kutembea.

Na dawa za shinikizo la damu na za kuzuia damu isigande, kama ameandikiwa, zisiachwe hata siku moja kwa sababu anaonekana nafuu.

Sasa wewe. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, inachora karibu mpaka kwa mpaka eneo la neva moja ya pembeni, ile inayopita katikati ya kifundo cha mkono ndani ya mfereji mwembamba pamoja na kano za kukunja vidole. Mfereji huo ukijaa, kwa mfano kwa sababu kano zimevimba kutokana na kushika na kuinua kizito kila siku, neva hubanwa. Usiku hali huzidi kwa vile wengi wetu hulala tumekunja kifundo, na kukung'uta mkono huleta nafuu, sawasawa na ulivyoandika. Kiharusi hakifuati mipaka ya neva moja namna hiyo. Huja ghafla, kwa kawaida huchukua upande mmoja wa mwili, na mara nyingi huambatana na uso kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu au usemi kuvurugika. Dalili hizo zikimpata yeyote nyumbani, hata zikidumu kwa dakika chache kisha zikaondoka, apelekwe hospitali papo hapo na mtaje saa zilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mwanzo wa dalili.

Habari njema kwako ni kwamba neva za pembeni zina uwezo ambao ubongo hauna. Aksoni yake ikiumia huku mwili wa seli ukiwa mzima, huweza kuota tena, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Hata hivyo usingoje mpaka ifike huko, maana ikibanwa kwa muda mrefu misuli ya chini ya gumba hunywea na kushika vitu kukawa kwa tabu. Vaa usiku kishikizo kigumu kinachokinyoosha kifundo kisikunjwe, na mwombe daktari akuchunguze pamoja na kupima kisukari na tezi ya shingo, kwani vyote viwili huweza kuchangia tatizo hili.

Zaidi ya yote badili namna unavyomwinua baba. Usimshike vifundo vya mikono ukamvuta, wala usimpitishie mikono kwapani ukamnyanyua, kwa kuwa hivyo mnaumia wote, wewe kifundo na yeye bega. Mketishe ukingoni mwa kitanda, miguu yake yote miwili ikanyage sakafu na iwe imerudi nyuma kidogo ya magoti, mshike kiunoni kwa mkanda mpana, mwambie ainamishe kifua mbele, kisha mhesabu pamoja mpaka tatu na ainuke akisukuma kwa mguu wa kushoto, wewe ukimsindikiza tu. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe jambo hili mara ya kwanza, na kaka yako awepo siku hiyo ili ajifunze naye, kwa sababu kuanzia sasa zamu za usiku inafaa mgawane.